Kigoda cha Mwalimu

"Inua," fundi cherehani alisema kupitia pini alizobana mdomoni. "Haya, inua tena. Mwalimu mkuu yu karibu kufika."

Mumewe, ambaye wote walimwita Mwalimu, akakiinua kigoda juu ya kichwa kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki na uhai. Upande wa kulia ulikuwa umelala tangu alipopigwa na kiharusi, na maneno yote yakalala nao, ya Kiswahili na ya Kiingereza, isipokuwa "ndiyo" moja ambayo aliitumia hata alipotaka kukataa. Mkono ukatetemeka, ukachoka, kigoda kikashuka na kugonga sakafu. Papo hapo midomo ikafunguka.

"Give up," akasema. Safi kabisa, kama zamani.

Fundi nusura ameze pini kwa furaha.

Kiingereza cha fundi kilikuwa cha kuombea maji, lakini kitenzi hicho alikijua. Miaka nenda miaka rudi wanafunzi walikuja jioni katika sebule hiyohiyo, yeye akishona pembeni. Mwalimu aliwainulisha vigoda, naye akainua chake. Aliyeshindwa alikishusha huku akiyatamka maneno yale mawili. Ndipo Mwalimu alipowaeleza, wakiwa bado wanahema: anayeacha sigara, ni neno hilo, aliyekata tamaa, ni hilo, anayempisha mjamzito kiti, ni hilo, mwizi aliyezingirwa akanyoosha mikono, hilohilo. Yeye mwenyewe alibaki wa mwisho, kigoda hewani, akiwacheka. Alijisifia jambo hilo mpaka akachosha watu. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona akikishusha.

Nyumba ilikuwa ya shule. Mwalimu mpya alikuwa amekwisha kupatikana, na watoto wake walikuwa wanalala kwa jamaa wakisubiri vyumba. Kwa hiyo siku fundi alipomsikia mumewe akiyasema maneno yale mawili kwa mara ya kwanza, aliacha gauni la mteja kwenye cherehani, akakimbia ofisini kwa mwalimu mkuu na uzi shingoni. "Mwalimu anasema! Njoo umsikie!" Hakueleza kwamba anasema kigoda kikishuka tu. Nani angeeleza?

"Hodi humu!"

"Karibu, mwanangu, karibu ndani."

Mwalimu mkuu aliingia akiinamisha kichwa. Alisomea sebuleni humo, na bado aliketi amebana magoti kama siku zile. "Pole na kuuguza, mama."

"Nimeshapoa."

"Mwalimu," akasema, akimgeukia mgonjwa, "nifundishe kidogo tu. Chochote kile. Nikawaambie wenzangu nimekusikia kwa masikio yangu, basi, nyumba hii ibaki yenu."

Mwalimu alitazama kigoda. Akakiinua.

Uso wake ukabadilika, ukawa ule wa darasani, wenye kiburi na mzaha. Mwalimu mkuu akacheka bila kujizuia. "Kigoda! Mimi mabega yaliniuma wiki nzima!"

Fundi hakuwahi kumwombea mumewe ashindwe, lakini siku hiyo aliomba. Mkono ulianza kutetemeka. Jasho likamtoka. Sasa, alisema moyoni, sasa hivi. Lakini Mwalimu alikaza kiwiko, akauma meno, macho yake kwa mwanafunzi wake wa zamani. Fundi akaelewa. Mbele yake yeye, mkewe, aliweza kushindwa. Mbele ya mwanafunzi hakuweza.

"Shusha, baba," akanong'ona. "Shusha useme."

"Ndiyo," Mwalimu alijibu, akakisukuma juu zaidi.

Mate yalimtiririka kidevuni. Mwalimu mkuu aliacha kucheka, akatazama viatu vyake. "Mama, uliniambia anasema."

"Anasema! Kikishuka, anasema. Ngoja kidogo, mwanangu, nakuomba."

Alingoja. Mwalimu mkuu hakuelewa anachongojea, lakini kwa heshima alingoja, mpaka aliposhindwa kuvumilia kuutazama mkono ule. Akasimama.

"Mwisho wa mwezi, mama. Nitaleta gari la shule liwabebee vyombo." Alitaka kumpa Mwalimu mkono, lakini mkono mmoja ulikuwa umekufa na mwingine ulikuwa juu, akatoka bila kuaga.

Viatu vyake vilisikika kwenye kokoto, kisha vikasimama. Kupitia dirishani fundi alimwona langoni, amegeuka, anaitazama nyumba kama mtu aliyesahau kitu ndani. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia mtu akisema.

Fundi alivuka chumba. Akanyoosha mkono, akashika mguu wa kigoda ili akivute chini. Maneno yangetoka. Yangesikika hadi langoni, na cherehani ingebaki pale ilipo. Alikuwa na hasira naye, hasira ya kweli, ya mwanamke anayejua bei ya vyumba vya kupanga. Akauhisi uzito aliokuwa ameubeba mumewe.

Mwalimu alimtazama. Kiwiko alikuwa bado amekikaza.

Basi fundi akaukaza mkono wake, akakisukuma juu pamoja naye.

Kokoto zikaanza kulia tena, zikienda mbali. Wakabaki wamesimama katikati ya sebule, bega kwa bega chini ya kigoda kidogo, kama watu wawili waliojikinga mvua.