Kamanda wa Pori na Nguruwe wa Sebuleni

Kamanda wa Pori alikuwa na wafuasi elfu sitini mtandaoni, na katika maisha yake hakuwahi kuua hata panya. Panya wa chumba chake cha uani walikuwa mashahidi. Lakini ukimtazama kwenye simu, ungeapa kuwa simba wakisikia jina lake wanahama: kofia pana, kisu kiunoni, jicho limekazwa kana kwamba jua limemkosea adabu. Bunduki yenyewe ilikuwa ya mchezo, kaipaka rangi nyeusi kwa mkono wake.

Mwindaji wa kweli nyumbani hapo alikuwa dada yake. Kazi yake ilikuwa kuongoza wawindaji wenye vibali msimu ukifunguliwa, na leseni yake ilitundikwa juu ya kabati la bunduki lenye kufuli mbili. Picha za tambo hakuwa nazo. Alikuwa na nguruwe mwitu mmoja tu, aliyekaushwa na kujazwa pamba, amesimama kando ya televisheni, wageni wakitundika mikoba kwenye meno yake. Alimpiga miaka minane iliyopita. Risasi ya kwanza ilikwenda vibaya, mnyama akakimbia na jeraha, naye akamfuata kwenye miiba tangu asubuhi hadi alasiri, maana mnyama uliyemjeruhi humwachi. Ya pili ndiyo iliyommaliza. Dada mtu alirudi nyumbani akilia, na aibu ya ile risasi ya kwanza hakumsimulia mtu.

Sasa sikia vituko. Asubuhi moja dada mtu yuko sokoni, Kamanda alimpakia nguruwe kwenye toroli, akampeleka kichakani nyuma ya kiwanda cha matofali, akamlaza ubavu, akampaka rangi ya kucha puani iwe damu, kisha akamkanyaga shingoni kwa ushujaa mkubwa. Picha ikapanda: "Leo alfajiri. Mita mia tatu. Risasi moja tu, familia!"

"Mbona miguu imekakamaa hivyo?" aliuliza mfuasi mmoja.

"Ni hofu," Kamanda alijibu, akiwa ameshamrudisha nguruwe kando ya televisheni.

Jambo dogo alilolisahau bingwa wetu ni kwamba msimu wa kuwinda ulikuwa umefungwa tangu wiki tatu nyuma.

Kabla ya adhuhuri afisa wa wanyamapori alikuwa sebuleni, kofia mkononi. Alimheshimu dada mtu, na ilionekana kazi hiyo haikumfurahisha.

"Dada, leseni nyumba hii ni moja, nayo ni yako. Mnyama kauawa msimu umefungwa. Sina budi kuichukua."

Dada mtu aliitazama picha, akamtazama nguruwe wake, ambaye toroli ilikuwa imempasua mshono wa tumbo, akaelewa yote. Bila leseni alikuwa amemwaga unga. Na cha kumwokoa kilikuwa sentensi moja tu kutoka kwa mdogo wake.

"Mwambie afisa ukweli," alimwambia.

Kamanda alikuwa ameshawasha simu, anarusha moja kwa moja. "Familia, mnaona wenyewe, wamenifuata!" Kisha akainama sikioni kwa dada yake. "Dada, usiniumbue. Watu elfu nne wananitazama. Niko tayari hata kufungwa."

"Na leseni yangu?"

"Si utaomba nyingine?"

Hapo dada mtu aliumia, tena aliumia hasa. Mdogo wake huyu, yeye ndiye aliyemlea.

"Nani alimpiga?" aliuliza afisa.

"Mimi," alidakia Kamanda.

"Ni nguruwe huyu hapa?"

"Aa, huyo mwingine. Wa leo tumeshamla."

"Ngozi yake iko wapi?"

Kamanda akaikazia kamera jicho. "Tumemla na ngozi."

Dada mtu akapiga magoti kando ya nguruwe. "Afisa, huyu nilimpiga mimi, miaka minane sasa, msimu ukiwa wazi. Wala si risasi moja, ni mbili. Ya kwanza niliharibu. Aliteseka kutwa nzima kwa kosa langu." Machozi yakamtoka, na hakuyaficha.

Afisa akakwangua pua ya nguruwe kwa ukucha, akanusa. Akaingiza mkono kwenye ule mpasuko, akatoa konzi ya pamba. Akacheka mpaka akatafuta kiti. Alipoondoka, leseni ilibaki pale pale ukutani.

Kamanda alijifungia uani akisubiri kuzikwa na wafuasi wake. Dada mtu akachukua sindano na uzi, akakaa sakafuni kumshona nguruwe. Haikupita saa nzima, Kamanda akaingia mbio, uso unang'aa.

"Dada! Tumefika elfu tisini! Watu wanavunjika mbavu, lakini wewe wanakupenda! Wamelia na wewe!" Akainua simu, akarudi hatua mbili, akakaza jicho. "Ile sehemu ya kulia, ya risasi ya kwanza, hebu irudie kidogo. Mwanga haukukaa vizuri."

Dada mtu akaweka sindano chini. Kisha akanyoosha mkono, na Kamanda, akidhani anataka kujiona alivyotoka, akampa simu. Dada mtu akaisukuma ndani ya tumbo la nguruwe, chini kabisa ya pamba, akaendelea kushona, mshono wa karibu karibu, bila haraka.

Simu ikaanza kuita mle ndani. Kamanda akapiga magoti, akaweka sikio kwenye ubavu wa mnyama.

"Dada, huyo anaweza kuwa mtu wa matangazo! Nitaipataje?"

"Si ndiye Kamanda wa Pori?" alisema dada mtu, akakata uzi kwa meno. "Winda."