King'ora cha Kurudi Nyuma

Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, nilirudisha foklifti nyuma nikamgonga mke wangu, Rukiyo. Hakufika hospitali.

Nimelitanguliza hilo ili msiseme naficha.

Miaka kumi na moja nilikuwa kuli katika lile ghala la mchele hapa Garissa, na yeye akishona magunia yaliyopasuka. Sisi makuli tulibeba tukiimba. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, na wimbo ukikaribia akina mama washonaji wanasogeza miguu bila hata kuinua macho kwenye sindano. Hakuna aliyewahi kuumia. Halafu wakubwa wakaleta foklifti ndogo ya betri, wakafukuza makuli tisa, wakanibakisha mimi niiendeshe. Ile mashine haina moshi wala mngurumo, inapita kama paka. Sauti yake ni king'ora tu, tii-tii-tii, ikirudi nyuma.

"Dubow, umekuwa DO wa serikali?" Rukiyo alinicheka siku ya kwanza. "Kazi yako kukaa tu!"

"Basi sogea, DO anapita."

Jumanne jioni niliiacha kwenye chaji, king'ora kizima. Asubuhi nikakuta waya wake umekatwa. Nikamwendea meneja, Abdilatif. Alikuwa kwa simu, kama kawaida yake.

"Adeer," akaniambia, yaani ami kwa Kisomali, "hiyo kelele imetumaliza masikio. Ramadhani iko mlangoni, malori yanangoja. Wewe endesha."

"Nani amekata?"

"Endesha, adeer."

Nikaendesha. Koo ni langu, ningeweza kuimba. Lakini mtu mmoja anaimba na nani?

Siku ya nne baada ya mazishi Abdilatif alikuja nyumbani na karatasi. Nilisomewa: marehemu alikaa mahali pasiporuhusiwa. Pasiporuhusiwa! Mkeka wake waliutandika wao wenyewe pale.

"Weka kidole tu, Jumatatu urudi kazini."

Bulle, kaka yake Rukiyo, alikuwa amekaa hapo hapo. Binti yangu Hinda, miaka saba, analala kwake tangu msiba.

"Seedi," akaniambia Bulle, maana mimi ni shemeji yake, "dada yangu hakuwa mjinga wa kukaa njiani. Ukiweka kidole hapo, Hinda harudi kwako. Niletee jina la mwenye kosa."

Nikairudisha karatasi bila alama. Kazi ikaisha siku hiyo hiyo.

Tangu hapo natembea. Mlinzi anasema alikuwa ameenda kuswali. Fundi anasema yeye hufuata amri, ya nani hasemi. Abdilatif anasema niulize Nairobi, na Nairobi simu inaita mpaka inakatika. Wakubwa wana ofisi, wana viti, mdomo hawana.

Nimechoka, wallahi. Bulle bado anangoja jina, na Hinda ameanza shule ya huko kwake.

Nani aliamuru ule waya ukatwe?