Sindano za Gongoni

Kwa miaka mingi Ezekia alipiga tarumbeta la besi katika bendi ya kanisa la Moravian, na watu wa Chemchem walimjua kwa tarumbeta hilo kuliko kwa duka lake la vipuri vya baiskeli. Mgongo ndio uliomkalisha chini. Ulianza kama uchovu wa kiuno, maumivu yakashuka mguuni, mwisho akawa hawezi kusimama wimbo mzima. Hospitali walimpiga picha, wakamwambia pingili zimelika, wakampa dawa za maumivu. Zilimsaidia, lakini zilimchoma tumbo. Akaacha kwenda mazoezini. Jumapili alikaa kiti cha nyuma, na ibada ikiisha aliondoka kabla wenzake hawajamfikia kumsalimia.

Mkewe, Elieth, ndiye aliyesikia kwa jirani yao Zamda habari za daktari wa Gongoni aliyesomea tiba ya Kichina huko huko China. Ezekia hakutaka. Alihofia ni uganga uliovaa koti jeupe. Elieth hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba amechoka kumsikia akiguna usiku kucha, basi aende kwa ajili yake.

Daktari aliitwa Advera, mwanamke wa makamo. Alimwamkia, akamkalisha, akashika mapigo ya mkono wa kulia kisha wa kushoto, kimya, kama anayesikiliza redio iliyo chumba cha pili. Akataka kuona ulimi. Akauliza analalaje, anakula saa ngapi, choo kikoje, maumivu yanazidi kwenye joto au kwenye baridi, na siku hizi kinamuudhi nini.

Ezekia akakosa subira. "Mimi nimeleta mgongo, daktari. Mbona unauliza usingizi?"

"Baba, mgongo ukiuma miaka yote hiyo, mwili mzima unaumwa nao," Advera akasema. "Hulali, kwa hiyo misuli hailegei. Isipolegea, maumivu yanazidi. Nikiyaacha hayo mengine, nitautuliza leo na kesho utarudi hapa."

Alimweleza kwamba Wachina wa kale waliona nguvu ya uhai ikipita mwilini kwenye njia zake kama maji mferejini, na palipoziba ndipo panapouma; sindano nyembamba huchomwa kwenye njia hizo ili kuzifungua. Madaktari wa hospitali wao hutaja mishipa ya fahamu, na bado wanabishana sindano zinasaidia kiasi gani. Hakuahidi kumponya, maana pingili zilizolika hazirudi. Ezekia alipotaja kwamba hunywa pia vidonge vya presha, akamkataza kabisa kuviacha. Ezekia alipouliza kama kuna kafara au maneno ya kutamka, Advera alitabasamu, akasema kuna kulala kifudifudi tu.

Sindano zilikuwa nyembamba kama unywele. Alitarajia zote mgongoni, lakini nyingine alichomwa nyuma ya magoti na kwenye vifundo vya miguu. Alisikia uzito, kama mtu anayembonyeza kwa kidole. Kisha daktari akawasha kijiti cha majani makavu, akakisogeza karibu na kiuno bila kukigusa, joto likapenya taratibu. Elieth, aliyekaa kando, alishtukia mumewe anakoroma.

Kilichoanza kurudi ni usingizi. Mgongo ulichelewa, lakini baada ya majuma kadhaa aliweza kuinama na kufunga viatu mwenyewe. Kwa agizo la daktari, kila jioni yeye na Elieth walitembea barabara ya Kwihara, ile ya wapagazi wa zamani, wakizungumza kuliko walivyowahi kuzungumza tangu watoto wahame. Advera alipomuuliza anajionaje, alifikiri kwanza.

"Bado unauma," akasema. "Lakini sasa unauma mgongo peke yake."

Sikukuu ya mavuno alirudi bendini. Wimbo wa kwanza alisimama hadi mwisho. Wa pili ulipoanza, Masolwa, kiongozi wa bendi, alimsogezea kiti kwa mguu huku akiendelea kupiga, na Ezekia akakaa bila aibu.

Kipupwe kikiingia, asubuhi huwa nzito. Hukaa kitandani na chupa ya maji ya moto kiunoni, Elieth akamletea chai, wakanywa pamoja mpaka mwili ulegee. Duka hufunguliwa kwa kuchelewa kidogo, na wateja wamezoea.