Bahasha Nzito ya Datuk Salbiah

Jumamosi asubuhi Rokiah alisogeza sahani ya ndizi za kukaanga, akaanza kuandika bahasha za harusi ya binti yake. Mjini Kuala Kangsar watu husamehe wali ulioungua. Cheo kikikosewa hawasamehe.

"Ya Daktari Salbiah tuanze nayo!" Hanisah alisema akirukaruka. "Ndiye aliyenitengeneza mguu. Asipokuja, siolewi!"

"Utaolewa. Kwani bwana harusi ni yeye?"

Sultani alikuwa amempa Salbiah cheo cha Datuk kwa kazi yake ya kuunga mifupa. Mke wa Datuk huitwa Datin papo hapo. Mume wa mwanamke Datuk haambulii kitu. Hubaki Encik, bwana kama mabwana wengine. Rokiah aliyajua hayo vizuri, hata hivyo kwa Salbiah na mumewe akaandika: Datuk Jamil na Datin Salbiah.

"Mama! Datuk ni mkewe! Akisoma hivyo atakuja kweli?"

"Na mumewe nimwanike mbele ya watu? Wanaume wana aibu zao."

Wino ulipokauka, bahasha ikawa nzito. Hanisah alishindwa kuinyanyua. Baba yake, Mokhtar, akajaribu, mgongo ukamlia. Mguu wa meza ukavunjika.

Rokiah akaandika nyingine: Datuk Salbiah na Encik Jamil. Hiyo ilikuwa nyepesi, feni ikaipeperusha. Mokhtar akaidaka, akaisoma, akaichana.

"Siwezi kumdhalilisha mwanamume mwenzangu. Peleka ile ile."

Majirani wanne wakaibeba hadi kwenye gari la mizigo.

"Inua upande wako, mvivu wee!"

"Mvivu nani? Hii jokofu au kadi?"

Salbiah alifungua geti akiwa na kandambili. Alisoma bahasha palepale garini.

"Hanisah unaolewa! Mwanangu, nakuja, na huo mguu nataka kuuona ukicheza!" Kisha akawageukia wabebaji. "Hiyo wekeni nyuma, pamoja na zile nyingine."

Uani bahasha nyingine za "Datuk Jamil" zilikuwa zimezama udongoni, zimebanana ukuta hadi ukuta. Jamil alikuwa akiosha gari juu ya bahasha hizo.

"Zimetusaidia sana," alisema. "Matope hatuyajui tena."

Siku ya harusi Salbiah alifika wa kwanza, na Hanisah akamkimbilia na mguu wake mzima. Ngoma zikapamba moto. Mshereheshaji akapaza sauti: "Tumpokee Datuk Jamil na mkewe!"

Jamil akapunga mkono. Sakafu chini ya meza yao ikabonyea. Wahudumu wakaleta matofali, wakainyanyua meza, wakaendelea kupakua wali.