Safiya Hataki Kulia

Watu wa Birmingham walimjua binamu yangu Safiya kabla hajashuka kwenye ndege. Nani asiyemjua? Miaka kumi na tano alicheza filamu Dar es Salaam, mara kaachwa, mara kafiwa, na kila mara analia mpaka na sisi huku mtaani kwetu Great Barr tunatafuta tishu. Kisha akadai talaka kwa mumewe Haroun, yule yule aliyekuwa akiziongoza filamu hizo, na kesi iliyofuata ikatazamwa kuliko filamu zote.

Safiya alisema hadharani kwamba Haroun alikuwa akimpiga. Haroun akamshtaki kwa kumchafulia jina. Siku ya ushahidi Safiya alilia, na wakili wa Haroun akaonyesha kipande cha filamu, Safiya huyo huyo analia. "Mheshimiwa, huyu mama kulia ndiyo kazi yake," akasema. Hakimu hakuyumba, alimpa Safiya ushindi. Lakini video ya kilio chake ilikuwa imeshasambaa, imebandikwa kando ya ile ya filamu, watu wanacheka. Baadhi yao ni majirani zangu, na sijawasamehe.

Alipokuja kukaa kwangu, nilimpeleka kwa Peninah, Mkenya mwenye kikundi cha maigizo mtaa wa Balsall Heath. Peninah alimpa nafasi ya mama anayemwacha mwanawe nyumbani aje kutafuta maisha Uingereza. Usiku ule Safiya alikula sahani mbili. Tatizo likaja kwenye mazoezi. Maneno anayo, sauti anayo, macho makavu.

"Dear, hii scene bila machozi haiwork," Peninah alimwambia. "Watu watadhani unangoja bus."

"Nitaicheza kwa sauti."

"Kwa nini lakini?"

"Nikilia watasema ni yale yale."

Mimi ulimi wangu haukai. "Kwa hiyo kesi umeshinda wewe," nikamwambia, "halafu macho yako umemwachia Haroun ayatunze?"

Njia nzima kurudi nyumbani alitembea mbele yangu. Lakini kuanzia siku ile nilikuwa nikimsikia bafuni, bomba limefunguliwa, anarudia maneno yake polepole, ananyamaza, anaanza upya. Sikugonga mlango hata siku moja, na kwangu mimi hilo si jambo dogo.

Jumamosi mchana, siku ya onyesho, ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele aliketi Bi Maisara, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, aliyeisambaza ile video kuliko mtu yeyote. Alikunja mikono, mkoba juu ya mapaja, anangoja. Nilitamani kumvutia kiti aanguke.

Hapakuwa na mtoto jukwaani. Safiya alipiga magoti akafunga vifungo vya sweta lisilokuwepo, akamtuma mtoto asiyekuwepo akanawe mikono. Alimsindikiza kwa macho huku anatabasamu. Kisha akashika sanduku lake, na machozi yakashuka, moja shavu hili, moja shavu lile, tabasamu bado lipo. Nyuma yangu mwanamume mmoja alipenga kamasi bila haya. Nusu ya ukumbi ule waliwahi kumwacha mtu namna ile. Mimi nililia kwa furaha, maana nilijua amerudi.

Baadaye tulikuwa jikoni mwa ukumbi, Safiya anafuta rangi za uso, Bi Maisara akaingia. Nikasogea karibu, maneno yangu tayari.

"Shikamoo, Bi Maisara," Safiya alisema.

"Marahaba. N'na suali, na unambie kweli. Yale machozi yako ya leo, ya kweli?"

Safiya aliweka pamba chini. "Ya kuigiza. Nimeyafanyia mazoezi wiki nzima."

"Nilijua. Mazuri mno, hata wanja haukuchafuka." Alivuta kiti akakaa. "Siku ile ya kesi ulilia vibaya, mwanangu. Makamasi mpaka mdomoni, uso umevimba, sauti haitoki. Ile video nimeitazama mara nyingi, kwa ubaya wangu. Leo ndo nimeona unavyolia ukiwa unaigiza. Basi mtu anayejua kulia hivi, kule mahakamani angelia vile kwa kusudi?"

Safiya alifungua mdomo ajibu, sauti haikutoka. Pua ikaanza kuchuruzika, uso ukamkunjika, akalia kilio kibaya chenye kwikwi. Bi Maisara alimvutia kifuani, akamfuta makamasi kwa mtandio wake wa hariri.

"Nisamehe," alimwambia. "Nisamehe, mwanangu."

Peninah alichungulia mlangoni. "Safiya, watu wako nje, wanataka picha na wewe."

"Nawangoje," Bi Maisara alisema bila kugeuka. "Mwenzenu analia."