Zipu ya Tadei

Kijiweni pa bodaboda Ifakara walibishana klabu ipi ni kubwa kuliko zote duniani, iwe ya soka au ya kikapu. Venance hakusikiliza. Alimkodolea macho Tadei, katibu wa tawi lao la Simba, aliyekuwa anaisifia Lakers ya Marekani tu. Mtu mzima haihami Simba akaenda kwenye kikapu bila sababu. Tena jua kali hivi, kafunga jaketi mpaka kooni.

"Fungua zipu."

"Nina homa."

Venance akamgusa paji la uso. Homa hamna. Akaivuta zipu mwenyewe, ikatokea jezi ya Yanga.

Kijiwe kizima kikasogea kuitazama.

"Baba wa mchumba wangu anafika leo kutoka Masagati," Tadei alisema. "Ameshaniuliza timu. Dini bado."