Mimbari ya Otylia na Glasi Iliyojaa Pomoni

Kijiji cha Olszanka kina mimbari saba, na ni moja tu iliyo kanisani. Nyingine sita zimesimama pembezoni mwa msitu juu ya miguu mirefu ya msonobari, kila moja na paa lake, benchi lake na kidirisha cha kupitishia mtutu wa bunduki. Wawindaji wa Olszanka hawajui jina lingine la kuziita. Mtu akisema pale kwamba jana alisinzia mimbarini, huulizwa kama nguruwe walipita, si kama padri alikasirika.

Zamani zote sita zilikuwa kazi ya mikono ya mzee Zenon Kurpiewski, na hilo ndilo lililomnyima usingizi Otylia Gawrych. Zenon alikuwa mtu wa heshima, mkaidi kama kisiki. Vidato vya ngazi alivipigilia misumari juu ya miimo, ile miti miwili ya kando, basi. Mti ukikauka msumari hulegea, na msumari ukilegea aliyepanda hubaki mikononi mwa Mungu. Otylia alikuwa fundi wa mapaa. Kwake kidato sharti kizamishwe ndani ya mwimo, kilale katika pengo lililochongwa kwa kipimo chake, ili uzito wa mtu ubebwe na mti wenyewe. Tena hakuyawaza hayo kwa ajili ya sifa. Mumewe, Feliks, mwanamume mwembamba mwenye kicheko kikubwa, alikwisha kuanguka kutoka mimbari ya mtoni akavunjika mfupa wa bega, na bado kila Jumamosi alipanda nyingine huku akipiga mluzi.

"Utaniacha mjane," Otylia alimwambia. "Na safari hii nitaolewa na mfuga nyuki. Mtu asiyepanda popote."

"Mfuga nyuki tuliye naye ni Zenon," Feliks akajibu, "na hata mizinga yake ameipigilia misumari."

Otylia akaenda mbele ya chama cha wawindaji akaomba aibomoe mimbari ya mtoni na kuijenga upya kwa namna yake. Wanachama wakatazamana, kisha wote wakamtazama Zenon.

"Ajenge," Zenon akasema. "Lakini itapimwa kwa desturi. Ikishinda, na zile zangu tano azijenge upya. Ikishindwa, itakuwa kuni, na habari ya kuchongachonga nisiisikie tena."

Desturi yenyewe ni hii: glasi ndogo hujazwa kileo cha matunda ya cheri hadi ukingoni na kuwekwa kwenye ubao wa dirisha la mimbari, kisha mtu hupanda, hugeuka, huketi. Tone moja likianguka ubaoni, mimbari imekataliwa. Miaka yote mpandaji alikuwa Zenon mwenyewe, ambaye uzito wake ulikuwa wa paka aliyelowa.

"Safari hii apande mtu mzito kweli," Zenon akaongeza, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani.

Padri Ireneusz alikuwa amehamia Olszanka kiangazi kile akitokea jiji la Łódź, akiwa na kimo cha kabati na upana wa makabati mawili. Zenon alimfuata akavua kofia. "Padri, tuna mimbari mpya. Tunakuomba uwe wa kwanza kuipanda, siku ya Mtakatifu Hubertus, msimamizi wetu." Padri akaguswa moyo, akasema atajiandaa. Hakuna aliyeeleza zaidi, kwa maana hakuna aliyedhani kuna la kueleza.

Asubuhi ya sikukuu, sufuria la kabichi chachu na nyama ya nguruwe mwitu lilikuwa likitokota kando ya mto, na mabaragumu yamekwisha kulia, Padri alipowasili amevaa kanzu rasmi ya ibada, kitabu kwapani. Aliitazama mimbari tangu miguuni hadi paani.

"Mbona mmeiweka juu namna hii?"

"Ili nguruwe wasitunuse, Padri," Feliks akasema.

Padri akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia fumbo la hekima, akaanza kupanda. Otylia alivihesabu vidato. Kidato baada ya kidato kilipokea mzigo ule na hakuna kilicholalamika. Kule juu glasi ilikuwa ikingoja. Zenon alikuwa ameijaza kwa mkono wake mwenyewe, mpaka kileo kikavimba juu ya ukingo kama jicho la chura. Chama kizima kikainua darubini kuielekea.

Padri akatokeza dirishani. Akaona watu wote wamemkazia darubini. Katika utumishi wake wote hakuwahi kusikilizwa hivyo. Akafungua kitabu.

"Ndugu zangu," akaanza, "mtu mwenye akili hujenga nyumba yake juu ya mwamba."

"Anafanya nini huyu?" Zenon akanong'ona.

"Anahubiri," Otylia akasema, akicheka na kuogopa kwa pamoja.

Padri alikuwa mhubiri wa mikono. Aliposema mwamba, alipiga ngumi ukutani. Jicho la chura likatetemeka.

"Sauti, Padri," Zenon akaita. "Huku nyuma hatusikii."

"Tunasikia sana," Feliks akadakia. "Hata nguruwe wanasikia."

Na kweli: jike la nguruwe lilikuwa limetoka kichakani na wanawe nyuma yake, likasimama mbele ya wawindaji wa kijiji kizima. Hakuna aliyegusa bunduki. Darubini zote zilibaki kwenye glasi. Jike likasikiliza kidogo, likaridhika, likaondoka na jamaa yake.

"Mvua ikanyesha," Padri akanguruma, "mito ikafurika," na hapo akakanyaga sakafu kwa miguu yote miwili. Kileo kikachora duara, kikayumba upande mmoja, kikarudi. Otylia aliyajua maungio yale moja moja, na bolti zake, na maegemeo ya mshazari aliyoyakaza kwa mikono yake; hata hivyo alimshika Feliks mkono kwa nguvu hata mumewe akamwuliza kama anataka kumvunja bega la pili.

"Na nyumba ile isianguke," Padri akahitimisha, koo limemkauka. Akaiona glasi. Kwa mazoea ya mhubiri yeyote aliyewekewa maji, akaiinua, akaimaliza kwa funda moja.

Padri akafumba macho, akafumbua.

"Maji ya huku," akasema, "mnayachota wapi?"

Feliks alikaa chini nyasini kwa kicheko. Zenon akageuka mwekundu.

"Jaribio limeharibika. Glasi imemwagika."

"Imemwagikia wapi, mzee?" Otylia akauliza.

"Ndani ya Padri."

"Desturi inasema ubaoni. Panda ukague."

Zenon alikuwa mkaidi, lakini mwongo hakuwa. Alipanda ngazi ile bila kuisifu wala kuilaumu, akajipenyeza kando ya Padri, akapitisha kidole kwenye ubao, mwisho hadi mwisho. Akakilamba. Akapitisha tena. Chama kizima kikakifuata kidole kwa darubini.

Padri, aliyekwisha kupata joto na upendo kwa wanadamu wote, akamwekea mkono begani. "Na wewe, mzee wangu, una neno kwa waumini?"

Zenon alitazama chini: sufuria, mabaragumu, Feliks akijifuta machozi, na Otylia aliyesimama wima asiyecheka tena. Akavua kofia, kwa kuwa mimbari ni mimbari.

"Ubao mkavu," akasema. "Kuanzia leo vidato vizamishwe."

Hayo ndiyo mahubiri mafupi kuliko yote yaliyowahi kutolewa Olszanka. Aliposhuka, Otylia alikuwa akimngoja na patasi, mpini ukimwelekea Zenon.

"Tutaanza na ipi, mzee?"

Zenon aliipokea, akaujaribu ukali wake kwa kidole gumba. "Ile anayokalia huyu mpiga mluzi wako," akasema. "Na siku ya kupima, ziwekwe glasi mbili. Padri hataki kunywa peke yake."